Saratani ya Kongosho: Picha Iliyopigwa kwa Sababu Nyingine

Maandishi ya mhadhara kwa wakazi wa kaunti, wahudumu wa afya ya jamii na vikundi vya watu wanaoishi na kisukari

Mazungumzo ya leo yanahusu kiungo ambacho wengi hawajui kiko wapi mwilini mwao, na saratani ambayo kwa kawaida hugunduliwa ikiwa imeshachelewa. Yanahusu pia programu za kompyuta zinazosoma picha za hospitali, maana habari zake zimefika hadi kwenye simu za watu vijijini, nyingine za kweli na nyingine zimetiwa chumvi.

Katika mji wa Ningbo, mashariki mwa China, mgonjwa mmoja wa kisukari alikwenda hospitali kwa ukaguzi wake wa kawaida. Hakwenda kutafuta saratani. Alipigwa picha, akarudi nyumbani. Siku tatu baadaye simu yake ililia. Aliyepiga ni daktari ambaye hawakuwa wamewahi kukutana, mkuu wa idara ya magonjwa ya kongosho, akimwomba arudi. Mgonjwa alirudi. Uvimbe ulipatikana kwenye kongosho lake, ukaondolewa kwa upasuaji ukiwa bado unaweza kuondolewa.

Kati ya picha ile na simu ile, programu ya kompyuta iitwayo PANDA ilikuwa imepitia picha hiyo pamoja na nyingine nyingi za siku hiyo, ikaiwekea alama kwamba kuna kitu cha kuangaliwa. Daktari akaiangalia kwa makini, akakubaliana nayo, akachukua simu. Mambo yote matatu yalihitajika: picha iwepo, kompyuta ione, na mtu apige simu na apatikane. Magazeti hupenda kusimulia lile la pili. Kwa mkazi wa kaunti, la kwanza na la tatu ndiyo mazito zaidi.

Kongosho ni nini? Aliyewahi kupasua mbuzi amekiona kipande cha nyama laini, cha rangi iliyofifia, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula karibu na utumbo. Kwa binadamu kina urefu wa sentimita 15 hivi. Kina kazi mbili. Hutoa majimaji yanayosaga chakula, hasa mafuta, na hutengeneza insulini, ile inayodhibiti sukari kwenye damu. Ndiyo maana kongosho likiugua, sukari inaweza kuvurugika hata kabla ya maumivu kuanza.

Shida ni mahali lilipo. Titi mtu anaweza kulipapasa mwenyewe. Mlango wa kizazi muuguzi anaweza kuutazama kwa dakika chache katika kituo cha afya. Kongosho limefichwa nyuma ya tumbo, mbele ya uti wa mgongo. Uvimbe ukianzia kwenye kichwa cha kongosho, hubana mrija wa nyongo, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya strungi, choo kikapauka na ngozi ikawasha. Hao hupata bahati kidogo, kwa sababu macho ya manjano humpeleka mtu hospitali. Ukianzia upande wa mkia, haubani chochote kwa muda mrefu. Mtu hupungua uzito, hukosa hamu ya chakula, husikia maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni. Anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Dawa ikiisha anaongezwa nyingine. Wengine huambiwa na majirani kwamba wamerogwa, na miezi mingine inapotea huko.

Takwimu za ulimwengu za mwaka 2022 zinaonyesha wagonjwa wapya wa saratani hii wapatao 510,000, na vifo vipatavyo 467,000. Namba hizo mbili zinakaribiana mno. Kwa saratani ya matiti pengo kati ya wanaougua na wanaokufa ni kubwa zaidi, kwa sababu wengi hupatikana mapema na hutibiwa. Nchini Marekani, ambako hesabu za muda mrefu zinatunzwa vizuri, wagonjwa 13 tu kati ya 100 wa saratani ya kongosho huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Ila ukiwatenga wale waliopatikana saratani ikiwa ndani ya kongosho peke yake, idadi hiyo hupanda hadi 44 kati ya 100. Wale waliopatikana imeshasambaa hadi kwenye ini au mapafu ni 3. Aina ya ugonjwa ni ileile, na hospitali ni zilezile. Kilichotofautiana ni siku ya kugunduliwa. Na kwa bahati mbaya, ni wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wanaofika hospitali wakiwa bado wanafaa kufanyiwa upasuaji.

Sasa kompyuta inaona nini ambacho daktari haoni? Mkulima anajua kuhusu sumukuvu. Gunia la mahindi linaweza kuonekana safi, punje zimekauka, hakuna ukungu machoni, na bado kipimo kikaonyesha sumu. Jicho la mkulima halina kasoro. Lililomo halionekani kwa jicho. Picha ya CT nayo iko hivyo. Si picha moja bali ni mamia ya vipande vya mwili vilivyokatwa kama mkate wa slesi, na kila kipande kimejaa nukta. Kila nukta ni namba inayoeleza nyama ya mahali hapo ilizuia miali ya eksirei kwa kiasi gani. Daktari akitazama kwenye skrini anaona weusi, weupe na kijivu. Kijivu cha namba moja na kijivu cha namba inayokaribiana nacho kwake ni kimoja. Kompyuta haitazami kijivu. Inasoma namba zenyewe, zote, na kuuliza jinsi zilivyopangika: je, zimechanganyika vizuri kama inavyotarajiwa kwenye kongosho zima, au kuna mahali mpangilio umeanza kubadilika?

Katika Kliniki ya Mayo, kwenye mji wa Rochester jimboni Minnesota, watafiti walifanya jambo ambalo kwa upande mmoja linatia matumaini na kwa upande mwingine linaumiza. Walitafuta wagonjwa 155 waliokuwa wamethibitishwa kuwa na saratani ya kongosho, kisha wakarudi nyuma kwenye kumbukumbu na kutoa picha za CT ambazo watu hao walipigwa miezi 3 hadi 36 kabla ya ugonjwa kujulikana. Kwa zaidi ya nusu yao, zaidi ya mwaka mmoja ulipita kati ya picha na habari mbaya. Wakaweka kando picha za watu wengine 265 wa umri unaolingana, ambao kongosho lao lilikuwa zima. Kompyuta ikapima vigezo 88 kwenye kila kongosho, vikachujwa vikabaki 34. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, programu iliyofanya vizuri zaidi iliwatambua watu kama 95 katika kila 100 waliokuja kuugua, na ikawaachilia kwa haki kama 90 katika kila 100 waliokuwa wazima. Wataalamu wa radiolojia walipopewa picha hizohizo walifanya vibaya zaidi, na mara nyingi hawakukubaliana wao kwa wao.

Hapa pasichukuliwe kwamba madaktari wale walizembea. Waliulizwa waone kitu ambacho hakijaumbika kuwa uvimbe. Lakini ukweli unabaki kwamba dalili ilikuwemo ndani ya picha, kwenye kabati au kwenye kompyuta ya hospitali, mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuisoma.

Hiyo ya Mayo ilikuwa kazi ya utafiti kwenye kumbukumbu. Ile ya China imesogea hatua zaidi. Matokeo ya PANDA yalichapishwa Novemba 2023. Programu hiyo ilitengenezwa na watafiti wa kampuni ya Alibaba wakishirikiana na madaktari wa hospitali kadhaa. Ilifundishwa kwa picha za watu 3,208 kutoka kituo kimoja cha Shanghai, kisha ikajaribiwa kwa watu 6,239 kutoka vituo 10. Jinsi ilivyofundishwa inafaa kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiko ujanja ulipo. Kwa kawaida, ili kongosho lionekane vizuri, mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo huongeza gharama, huhitaji figo zipimwe kwanza, na wengine mwili wao huikataa. Picha bila dawa ni rahisi zaidi na hupigwa kwa mambo mengi: mawe kwenye figo, ajali, kikohozi kisichoisha. Lakini ndani yake uvimbe wa kongosho karibu hauonekani. Basi madaktari waliuchora uvimbe kwenye picha zenye dawa, mahali unapoonekana, kisha mchoro huo ukahamishiwa kwenye picha za mgonjwa yuleyule zisizo na dawa. Kompyuta ikawa kama mwanafunzi anayepewa swali gumu pamoja na jibu lake, mara elfu kadhaa, hadi ikajifunza kutambua kivuli ambacho mwalimu mwenyewe hakioni pasipo msaada.

Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 20,530 waliokuja hospitali kwa mfululizo, bila kuchaguliwa, ilinasa kama 93 katika kila 100 waliokuwa na tatizo, na katika kila wazima 1,000 ilimtia shaka mmoja tu hivi. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliipa hadhi ya kuharakishiwa ukaguzi. Hadhi hiyo si idhini ya kuuzwa, ingawa wapo wanaoitangaza kana kwamba ni hivyo.

Hospitali ya Ningbo ilianza kuitumia kwa majaribio Novemba 2024. Kufikia mwanzo wa mwaka 2026 ilikuwa imepitia picha zaidi ya 180,000 za tumbo na za kifua. Saratani za kongosho zilizogunduliwa kwa msaada wake zilikuwa kama dazeni mbili, na 14 kati yake zilikuwa katika hatua ya mapema. Mtu anaweza kusema: picha 180,000 kwa watu 24? Ndiyo. Saratani hii si ya kawaida, na ndiyo sababu hakuna serikali inayoweza kumpiga kila mtu picha kwa ajili yake. Lakini picha hizo 180,000 zilikuwa zimepigwa tayari kwa sababu nyingine. Hakuna aliyeitwa kutoka nyumbani ili apigwe. Kompyuta ilipita tu mahali daktari ameshapita, ikauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa.

Na kulikuwa na tahadhari za bure. Programu iliziwekea alama picha zipatazo 1,400, madaktari wakazitazama na kuona kwamba kama 300 tu ndizo zilizostahili kufuatiliwa. Namba hizi zipewe uzito, kwa sababu huku kwetu tahadhari ya bure ina bei. Mkazi aliyeambiwa kuna kitu kwenye kongosho lake hatalala usiku huo. Atahitaji picha nyingine yenye dawa, pengine kamera yenye altrasaundi ya kupitishwa mdomoni hadi tumboni, pengine kipande cha nyama kutolewa kwa sindano na kupelekwa maabara. Vipimo hivyo havipatikani kila kaunti. Kuna nauli, kuna siku za kazi zilizopotea, kuna mbuzi wawili waliouzwa. Mwishoni akaambiwa ni mzima. Kwa hiyo programu inayosemekana kuwa sahihi kwa 90 kati ya 100 inasikika nzuri, hadi ihesabiwe: wazima 10,000 wakipitishwa kwake, 1,000 watatishwa, na kati ya watu wote hao wenye saratani yenyewe huenda wasizidi vidole vya mkono mmoja.

Huenda mtu akauliza: basi aliye na uwezo asiende kujilipia picha ya CT, ajue moja? Jibu ni hapana. Jopo la Marekani linalotoa ushauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilirudia mwaka 2019 kwamba watu wasio na dalili wala historia ya ugonjwa huu kwenye ukoo wasichunguzwe kongosho, kwa kuwa madhara yanazidi faida. CT ina miali, na upasuaji wa kongosho ni miongoni mwa mikubwa inayofanywa tumboni. Yeyote anayepita sokoni akiuza uchunguzi wa kongosho kwa kompyuta anauza kitu ambacho hata waliokitengeneza hawakitumii hivyo.

Vilevile isisemwe kwamba programu hizi ziko katika hospitali za kaunti. Hazijafika. Na zikifika, swali la kwanza liwe: zimejaribiwa kwa nani? Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za Shanghai imejifunza miili ya huko, mashine za huko na magonjwa ya huko. Inaweza kufanya vizuri hapa, au inaweza kuyumba. Haijulikani hadi ijaribiwe kwa picha za Wakenya, chini ya macho ya wataalamu wa radiolojia wa Kenya, ambao ni wachache lakini wapo. Jambo hili si geni kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na nchini Kenya eksirei za kubebeka zenye programu kama hizo zimetumika. Huko pia kompyuta huchuja, na makohozi ndiyo yanayothibitisha.

Tena kaunti isiache mbachao kwa msala upitao. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 nchini Kenya, na zinazoongoza ni za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio. Uchunguzi wa mlango wa kizazi unaweza kufanyika bila CT wala kompyuta yoyote. Mama ambaye hajaufanya asiondoke hapa akifikiria kongosho.

Lakini wapo watu ambao kwao habari ya leo inahusu moja kwa moja, na wengi wao wamo kwenye vikundi vya kisukari. Utafiti wa Minnesota uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watu 2,122 wa miaka 50 na zaidi waliopatikana na kisukari kwa mara ya kwanza. Katika miaka mitatu, 18 kati yao waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Ni chini ya mmoja katika kila 100. Asiogope, basi, yule aliyepata sukari akiwa na miaka 55. Karibu wote ni sukari tu. Hata hivyo kundi hilo lina hatari iliyo kubwa mara kadhaa kuliko wenzao wa rika lao, na madaktari wametengeneza alama za kuwachuja zaidi kwa kutumia mambo matatu yasiyohitaji mashine kubwa: umri, mabadiliko ya uzito, na jinsi sukari ilivyopanda.

Uzito ndio ufunguo. Kisukari cha ukubwani kwa kawaida humpata mtu anayenenepa. Mtu aliyevuka miaka 50, sukari ikampata ghafla huku mwili unapungua bila yeye kujinyima, au aliyekuwa na sukari iliyotulia miaka mingi kisha ikapanda bila sababu huku nguo zikimpwaya, huyo asiongezewe tembe tu na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Kliniki iangalie tena. Hoja hiyo ni nzito zaidi kama anavuta sigara, kama amekunywa pombe nyingi kwa miaka, kama amewahi kuugua kongosho, au kama mzazi au ndugu yake wa tumbo moja alikufa kwa saratani hii.

Na hapa wahudumu wa afya ya jamii wana kazi ambayo kompyuta haiwezi kuwafanyia. Mikoba waliyoanza kupewa mwaka 2023 ina mizani, mashine ya presha na kipima sukari. Mara nyingi kipima sukari hutolewa na mizani ikabaki mkobani. Kilo za mzee zikiandikwa kila ziara, kwa tarehe, kupungua kwake kutaonekana kwenye daftari mapema, kabla ya watu kusema amekonda. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya daktari aagize picha. Pasipo picha, programu ya Shanghai na ya Minnesota hazina cha kusoma.

Kuhusu picha zenyewe. Anayepigwa CT katika hospitali ya umma au ya kibinafsi, kwa ajali au kwa jambo lolote, aombe diski pamoja na ripoti iliyoandikwa, na azihifadhi mahali pamoja na kadi ya kliniki. Diski nyingi huishia kuning'inizwa kwenye shamba la mtama kufukuza ndege. Zinafukuza vizuri, hilo halina ubishi. Lakini picha ya miaka miwili iliyopita ikiwekwa kando ya mpya, hata bila akili unde, mtaalamu anaweza kuona kilichobadilika. Ikikosekana, anaanza upya. Ripoti nayo isomwe hadi mwisho. Aliyepigwa picha kwa ajili ya mawe ya figo anaweza kukuta sentensi ya chini kabisa inasema mrija wa kongosho umepanuka, ifuatiliwe. Hiyo si lugha ya kawaida ya kufungia ripoti. Ni maagizo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza yatafanywa na nani na lini.

Wapo wanaohofia picha zao kutumiwa kufundishia kompyuta. Hofu hiyo ni halali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mgonjwa anaweza kuuliza picha yake inakwenda wapi, kwa kazi gani, na kama jina lake limeondolewa. Upande wa pili ni huu: kompyuta ambayo haijawahi kuona kongosho la mtu wa hapa haitamjua vizuri mtu wa hapa. Hospitali ikiomba idhini kwa utaratibu, kwa maandishi na kwa lugha inayoeleweka, inafaa isikilizwe.

Jambo la mwisho linarudi kwa yule mgonjwa wa Ningbo. Alipigiwa simu akapatikana. Katika mafaili ya wagonjwa kuna namba za laini zilizopotea, namba za mtoto aliyehamia mjini, namba ya jirani ambaye walishagombana. Mgonjwa akiitwa kwa matokeo, simu inasema haipatikani, faili linarudishwa kwenye rafu. Kwa saratani nyingine miezi miwili ya kuchelewa ni mibaya. Kwa ya kongosho inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya upasuaji na dawa za kutuliza maumivu. Meza ya usajili huuliza namba mbili, ya mgonjwa na ya ndugu. Aliyebadilisha laini, au aliyeandikisha namba ya mtu ambaye hawaongei tena, arekebishe siku ya kliniki inayofuata, akifika tu, kabla hajaketi kwenye foleni ya presha.